Fanya Vile Unaona

Waliosema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, walisema kweli lakini hawakumaliza. Wangemaliza kama wangelea wawili kwa mpigo, mmoja wa kukimbizwa na mwingine wa kubebwa, tena Juba, tena mume akiwa porini. Roselyn angewamalizia yeye mwenyewe, ila hakuwa na muda wa kukaa chini.

Alikuwa mwanamke wa Webuye, mwenye cheti cha kazi za hoteli na mdomo usiokubali kuonewa. Alifika Juba mwaka 2006, amani ikiwa bado mbichi, siku zile kila Mkenya mwenye cheti alipokuwa na binamu aliyekuwa na binamu aliyepata kazi huko. Mumewe, Linus, alikuwa ametangulia. Aliendesha lori la kampuni ya kuchimba visima vya maji na aliweza kukaa wiki sita bila kuonekana nyumbani, kisha akaja siku nne, akala, akalala, akasifia watoto walivyokua, akaondoka. Roselyn naye alisimamia vyumba katika hoteli moja kando ya mto, zile hoteli za makontena: kontena la mizigo limetobolewa dirisha, likatiwa kitanda na kiyoyozi, likaitwa chumba. Yeye mwenyewe alipanga chumba cha mabati mtaa wa Mangateen, pipa la maji mlangoni na choo cha shimo cha kushirikiana na majirani.

Mtoto wa kwanza, Trevor, alikuwa na miaka miwili na miezi minane, na jamani, huyo mtoto! Ukigeuka kukoroga uji, kashaingia kwenye gunia la makaa. Ukimwosha, kashavua suruali na kumfuata bata wa jirani. Siku moja alimwaga unga wote wa wiki sakafuni na kuukalia katikati, mweupe mpaka kope. Alisema kidogo Kiswahili cha mamaye na zaidi Kiarabu cha Juba alichookota uani: moya akitaka maji, na kalas, yaani basi, imekwisha, akishiba, akichoka, au akishamaliza kuharibu kitu. Mara nyingine aliropoka sentensi nzima na Roselyn, mama mzazi, akabaki kumuuliza yaya, "Huyu anasema nini?" Lilimchoma, swali hilo.

Wa pili alikuwa Immaculate, Imma, wa miezi mitano. Roselyn alikwenda kujifungulia nyumbani na kurudi na mtoto wa wiki sita mgongoni, kwa sababu meneja wa hoteli, Mwangi, Mkenya mwenzake, alimpigia simu na kumwambia, "Dada, huku si Nairobi. Hiyo likizo yenu ya miezi mitatu iache huko huko. Hapa getini kuna foleni." Basi akarudi. Saa nne na saa nane alijifungia katika stoo ya mashuka, akayakamua maziwa kwenye kikombe na kuyamwaga kwenye sinki, maana kwa joto lile yangechacha kabla hayajafika Mangateen. Aliyamwaga huku amefumba macho. Hivi kweli kuna dhambi gani mtu alitenda mpaka amwage chakula cha mwanawe kwenye sinki la mwajiri?

Trevor hakumpenda Imma. Siku ya kwanza alimtazama, akamgusa pua, akasema, "Rudisha." Tangu hapo alimdunga dole la jicho, akamlisha makaa, akamfunika uso na sufuria. Roselyn alimfinya, akamkemea, akambembeleza, haikusaidia.

Aliyeyamudu yote hayo alikuwa Teresina. Mama wa miaka hamsini hivi, mkimbizi aliyerudi kutoka Koboko, upande wa Uganda, alikokaa miaka kumi na mitano na kuokota Kiswahili chake. Uani walimwita Mama Arkangelo, kwa jina la mwanawe wa kwanza, ambaye alizikwa huko Koboko akiwa na miezi saba, kwa homa na kuharisha. Teresina aliitikia jina hilo bila kutikisika. Alimbeba Imma mgongoni tangu asubuhi mpaka jioni, akimpulizia Trevor uji na kumswaki meno kwa kidole chenye chumvi, akiimba, "Sunun, sunun," yaani meno, meno, na Trevor akifungua domo kama kifaranga. Roselyn alijua wazi kwamba bila mama huyo hana kazi. Alijua pia kwamba watoto walimpenda yule zaidi, na kuna siku alimchukia kwa hilo, kisha akajionea aibu.

Jumatatu ya wiki hiyo Trevor aliitumbukiza simu ya mamaye katika pipa la maji. "Kalas," akasema, na kupukuta mikono. Roselyn aliifungua, akaianika vipande vipande juu ya bati, akaapa kumuuza mtoto huyo sokoni Konyo Konyo kwa bei ya nyanya. Jumanne Imma akaanza kuharisha. Jioni mwili ukawa moto. Roselyn akampa dawa ya homa, akamkorogea pakiti ya maji ya chumvi na sukari aliyonunua duka la dawa, akakesha naye.

Jumatano kulipokucha, hotelini kulikuwa na mkutano mkubwa, vyumba sitini vimejaa, na Mwangi alikuwa amesema atakayechelewa asijisumbue kuja. Gari la wafanyakazi likaja barabarani na kupiga honi. Roselyn alikuwa na kiatu kimoja mguuni. Cha pili hakipo.

"Trevor! Kiatu cha mama kiko wapi?"

Trevor aliukalia ule mguu wa mamaye uliokuwa peku, akaukumbatia kwa mikono na miguu, akatabasamu.

Teresina alikuwa mlangoni na Imma begani. "Mama Trevor, mtoto bado iko na moto."

"Nimempa dawa saa kumi na moja. Mpe yale maji ya chumvi kila akiharisha. Umeona kiatu changu?"

"Mimi naangalia ndani ya mdomo yake. Iko na ile meno ya ndani. Inavimba hapa na hapa." Alibonyeza shavu la Imma taratibu, pande zote mbili. "Ni hiyo inaleta moto. Ikikaa inaua mtoto. Iko mama moja kule Gurei inajua kutoa."

Honi tena. Roselyn aliinua godoro, akainua beseni, Trevor akining'inia mguuni.

"Mama Trevor. Mimi nafanya aje?"

"Wee fanya vile unaona, Mama Arkangelo! Si wewe ndiye unashinda naye? Mimi nimechelewa!"

Kiatu kilikuwa ndani ya sufuria ya maharagwe. Alikivaa hivyo hivyo kikiwa na maji, akambandua Trevor vidole kimoja kimoja kutoka mguuni, akakimbia. Nyuma yake mtoto alilia mpaka sauti ikakauka.

Sasa, msije mkamtetea. Hata yeye, akiwa peke yake, hakujitetea. Alisikia. Neno meno alilisikia vizuri, na Gurei alilisikia, na kutoa alilisikia. Kwao Webuye pia mambo hayo yapo. Mdogo wake wa kiume alitolewa meno hayo akiwa mchanga, akapona, na mama yao akaleta kuku kwa shukrani. Na shuleni alifundishwa kwamba hakuna meno ya ndani yenye ugonjwa, kwamba ni meno ya kawaida ya mtoto ambayo hayajatoka kwenye fizi, na anayeyachokoa anachokoa nyama hai. Alijua haya na yale, yote kwa pamoja. Lilihitaji neno moja, usiende, na neno hilo halichukui muda kuliko kuvaa kiatu. Ndani ya gari alilikumbuka, akajiambia Teresina ni mtu mzima, atanisubiri jioni. Simu ya kumpigia ilikuwa juu ya bati, vipande vipande.

Mkutano wenyewe ulihusu afya ya mama na mtoto. Mungu naye ana mzaha wake. Roselyn aligawa taulo, akabadilisha mashuka, akakamua maziwa stooni na kuyamwaga. Blauzi ililowa, akavaa aproni juu.

Alirudi saa kumi na moja na nusu. Kila siku Trevor alimpokea kwa kumgonga magotini kwa kichwa. Siku hiyo hakuja. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya pipa, amefunga chupa tupu ya maji kwa kitambaa kama mtu anavyofunga mtoto, na kwa njiti ya kiberiti alikuwa akichokoa mdomo wa chupa. Akichokoa, akitazama ndani, akichokoa tena.

"Unafanya nini, baba?"

"Imma," akasema bila kuinua macho. "Sunun kalas."

Roselyn hakuhitaji mtu wa kumfasiria safari hiyo. Aliingia ndani na mkoba wake bado begani.

Teresina alikuwa mkekani, Imma amelala mapajani pake. Alikuwa amechoka lakini uso wake ulikuwa na furaha. Alifungua ncha ya kitenge chake aliyoifunga fundo na kumwonyesha vitu vinne vyeupe, vidogo kama punje za mchele.

"Ona. Imetoka yote. Ile mama inatoa na spoki ya baiskeli, lakini inachoma na moto kwanza, mimi naona na macho yangu. Huyu Trevor imelia! Imeuma mkono ya ile mama mpaka damu. Sasa mtoto itapona."

Roselyn alimfungua Imma mdomo. Fizi za chini zilikuwa na mashimo, kushoto na kulia, yamepakwa dawa nyeusi ya majani, na damu ilikuwa bado inachuruzika hadi shingoni. Imma hakulia. Alifungua macho, akayafumba. Ni kule kutolia kulikomtisha Roselyn.

"Nani alikutuma? We mwanamke, nani alikutuma umshike mtoto wangu?"

Teresina alimtazama, hakuelewa hasira inatoka wapi. "Wewe," akasema. "Wewe imesema mimi fanya vile mimi naona. Mimi naona hii. Arkangelo mimi nangojea, nangojea, inakufa. Hii mimi haingojei."

Roselyn akamzaba kofi. Mwanamke wa rika la mama yake, mbele ya mtoto. Teresina alishika shavu lake kwa kiganja, na Trevor, mlangoni, aliiangusha chupa.

Walikwenda hospitali kwa boda boda, Roselyn na Imma tu. Teresina alibaki na Trevor. Hebu fikiria: kofi amempiga, na bado hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia mtoto.

Wodini vitanda vilikuwa vya watoto wawili wawili. Muuguzi aliyewapokea, Nyandeng, alikuwa mrefu na mwenye maneno machache. Alimulika mdomo wa Imma kwa tochi, akashusha pumzi.

"Wa tatu wiki hii," akasema. "Uchafu umeingia kwenye damu. Wale wawili hatukuwawahi." Akachukua kalamu. "Nani aliruhusu?"

"Yaya," akasema Roselyn. "Mimi nilikuwa kazini. Sikujua."

Lilitoka jepesi, hilo sikujua. Hakulipanga. Nyandeng aliliandika, na likishaandikwa likawa ndilo neno la kweli.

Kwa siku nane Imma alilala na sindano ya maji kwenye mshipa wa kichwa. Hakuweza kunyonya, maziwa yaliyokuwa yakimwagwa kwenye sinki sasa yalikamuliwa tena kwenye kikombe na kudondoshwa mdomoni mwake tone kwa tone kwa kijiko, na mara nyingi yalirudi na damu. Roselyn alimhesabia pumzi. Alimwahidi Mungu kila kitu, pamoja na vitu asivyokuwa navyo. Kitu kimoja tu hakukiahidi, kusema kweli, na Mungu hakumuuliza.

Siku ya nne Linus akafika kutoka porini, vumbi mpaka kwenye nyusi. Roselyn alimweleza vilevile alivyomweleza muuguzi. Linus hakungoja amalize. Alikwenda Mangateen, akatupa nje kifurushi cha Teresina, akamwita muuaji mbele ya majirani na kumwambia akimwona tena atamkabidhi kwa polisi. Babirye, jirani Mganda mwenye kibanda cha chapati, ndiye aliyemchukua Trevor, na ndiye aliyesimulia baadaye kwamba Teresina hakubisha hata neno. Aliokota nguo zake, akazikung'uta mchanga, akasema, "Mimi naomba kuona mtoto."

Na alikuja. Kesho yake adhuhuri Roselyn alimwona dirishani, amesimama penye geti la wodi na chupa ya uji mkononi, chupa ile ile ya uji wa Trevor. Linus alikuwa tayari ameshamfikia na kumzuia. Sauti zao zilisikika.

"Uliza bibi yako," alisema Teresina. "Mimi haifanyi bila kuuliza. Uliza yeye, yeye iko pale."

Linus akageuka na kutazama dirishani. Teresina naye akatazama. Majirani wa wodi, kina mama wenye watoto wao mapajani, wote wakamtazama Roselyn. Ilikuwa nafasi ya kusema, na sentensi ilikuwa fupi.

Roselyn aliinama, akajifanya anamrekebishia Imma kanga. Alikaa ameinama mpaka aliposikia geti likifungwa. Alipoinua kichwa, chupa ya uji ilikuwa chini penye geti na Teresina hakuwepo. Linus aliumwaga uji kwenye mtaro, akisema huwezi kujua ameweka nini ndani.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, tunaambiwa. Teresina alikuwa mzazi pia. Tena wa mtoto aliyekufa.

Siku ya nane homa ikashuka. Imma akalia, kilio cha njaa cha ukweli ukweli, na wodi nzima ikacheka kwa furaha. Nyandeng alimwambia Roselyn amshukuru Mungu. Alimwambia pia kwamba upande wa chini, kushoto na kulia, meno hayatatoka, na hata yale ya ukubwani huenda yasitoke, mdomo utakuwa na mapengo. Akampa dawa ya maji, kijiko kimoja mara tatu kwa siku, akamruhusu kwenda.

Hotelini Mwangi alikuwa ameshampa mtu mwingine nafasi. "Pole sana, dada. Foleni nilikuambia." Linus alirudi kwenye visima vyake. Basi Roselyn akapata ile likizo aliyoililia, akashinda nyumbani na wanawe wote wawili, maziwa yake yote ni ya Imma, hana gari la kuwahi. Siku hizo alizokuwa akiziota stooni zilikuwa hizi.

Trevor alikuwa amebadilika. Hakumdunga tena Imma jicho wala kumfunika na sufuria. Alikaa naye mkekani saa nzima bila kuharibu kitu, mtoto yule! Na kila mtu akiinama kumtazama Imma, awe mchuuzi wa maji au Babirye na kipande chake cha ndizi, Trevor alinyoosha mkono na kumziba dada yake mdomo kwa kiganja. Babirye alicheka mpaka akashika mbavu. "Wee! Huyu ni askari!" Roselyn naye alicheka, akafurahi hata, kwamba ndugu wamependana.

Siku ya pili tangu warudi, saa sita mchana, alimimina dawa kwenye kijiko, akatoka nayo uani polepole isimwagike. Watoto walikuwa mkekani kwenye kivuli cha ukuta. Trevor alimwona akija. Akakitazama kijiko. Akamtazama yeye. Akaweka viganja vyote viwili juu ya mdomo wa Imma.

"Toa mkono, baba. Ni dawa."

Hakutoa.

"Trevor, ni mimi. Ni mama."

"Kalas," akasema Trevor. Hakusema kwa ukaidi wake wa siku zote. Alisema kama mtu mzima anayeomba. Kisha akauliza, kama alivyokuwa akiuliza tangu warudi, Mama Arkangelo yuko wapi.

Roselyn alipiga magoti. Asubuhi ile ya kiatu alimbandua vidole hivyo kimoja kimoja, na mkono wake ulikuwa bado unakumbuka jinsi ya kufanya. Aliunyoosha, akaurudisha. Kijiko kiliinama na dawa ikamwagikia kwenye mkeka.

"Ni mimi nilimwambia afanye," akasema. Aliliambia toto lisilojua kusimulia, wala Linus hakuwepo, wala Teresina, wala yeyote ambaye neno hilo lingemfaa. "Umesikia, baba? Alikuwa ameniuliza. Ni mimi."

Trevor alimsikiliza mpaka mwisho, macho yake kwenye kijiko. Mikono hakuitoa.